Kosa la Zamani na Fomu ya Viza

(Mazungumzo mbele ya wajumbe wa Haki na Amani wa jumuiya ndogo ndogo)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi hulitaja kwa kunong'ona. Ni habari ya mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa dogo, akatozwa faini au akafungwa siku chache, na sasa, baada ya miaka mingi, anaomba viza ili akamtembelee mwanawe ughaibuni, au ahudhurie mahafali, mazishi au mkutano. Afanye nini anapofika kwenye swali linalouliza kama amewahi kukamatwa au kupatikana na hatia? Jibu langu nitalitoa mapema, ili anayelazimika kuondoka kabla sijamaliza aende nalo. Aandike kweli. Kosa dogo lenyewe mara nyingi halifungi mlango. Uongo juu ya kosa hilo ndio unaoufunga, tena huufunga kwa miaka mingi. Yote nitakayosema baada ya hapa ni maelezo ya neno hilo pamoja na mipaka yake, kwa maana neno hilo lina mipaka, na sipendi mtu aondoke hapa akidhani kwamba ukweli ni tiketi ya ndege.

Kwanza tutazame ni nani hasa tunayemzungumzia. Katika nchi yetu ya Kenya, madaftari ya makosa madogo yamejaa majina ya watu maskini. Humo yumo mchuuzi aliyekamatwa na askari wa kanjo kwa kuuza mboga pasipo leseni. Yumo manamba aliyeshikwa stendi akiita abiria. Yumo mama aliyepika chang'aa ili apate karo ya watoto. Mpaka mwaka 2010 tulikuwa na sheria iliyopiga marufuku chang'aa kabisa. Mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kudhibiti vileo, ile ambayo wananchi waliibandika jina la Sheria ya Mututho, nayo ikaifuta ile ya awali na kuruhusu kinywaji hicho kitengenezwe kwa leseni na masharti. Basi mama aliyetozwa faini mwaka 1996 anaulizwa leo habari ya hatia iliyotokana na sheria ambayo yenyewe imekwisha kuzikwa. Fomu haijali hayo. Inauliza tu: umewahi, au hujawahi?

Tena kuna lile kosa la uzururaji. Kanuni yetu ya Adhabu, tuliyorithi kutoka kwa watawala wa kikoloni, kwa miaka mingi iliwawezesha askari kumkamata mtu kwa kuwa tu hana kazi ionekanayo au anatangatanga mahali pa watu. Sheria za namna hiyo zilienea katika nchi nyingi za Afrika. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, ilitoa maoni ya ushauri baada ya kuombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema kwamba sheria za uzururaji haziafikiani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na ya kwamba mataifa yanapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Nataja jambo hili ili mtu aliyekamatwa usiku akitoka kazini, akaandikwa mzururaji, asijihesabu kuwa mhalifu kwa kipimo kisichokuwa cha haki. Lakini kujua kwamba sheria ilikuwa mbaya hakumpi mtu ruhusa ya kuandika kwamba hakukamatwa.

Aidha yatupasa kukumbuka jinsi hatia hizo zilivyopatikana. Msako unapita Ijumaa jioni. Watu wanalala korokoroni siku tatu. Jumatatu asubuhi wanapandishwa kizimbani kwa kundi, na kila mmoja amekwisha kuambiwa na mwenzake wa seli kwamba ukisema "si kweli" utarudishwa rumande kungoja kesi, na ukisema "ni kweli" utalipa faini na kwenda nyumbani. Watoto wako nyumbani peke yao, na kibanda hakina mlinzi. Mtu anasema "ni kweli", ndugu zake wanachanga faini, na saa sita mchana yuko sokoni. Kwake yeye mambo yamekwisha. Hajui kwamba maneno yale mawili ndiyo yanayoitwa kutiwa hatiani, nayo yatamngoja miaka ishirini kwenye fomu ya ubalozi. Ndiyo maana wako watu wanaoandika "Hapana" bila nia ya kudanganya. Wanadhani kwamba aliyelipa faini hakuhukumiwa. Alihukumiwa.

Hivyo basi tutofautishe mambo matatu. Kukamatwa ni kushikwa na askari, hata kama uliachiliwa asubuhi bila kufikishwa mahakamani. Kushtakiwa ni kusomewa mashtaka mbele ya hakimu. Kutiwa hatiani ni mahakama kuamua kwamba ulitenda kosa, ama kwa kukiri kwako, ama baada ya kusikiliza ushahidi. Kila fomu huuliza kwa namna yake. Fomu ya Marekani huuliza kama umewahi kukamatwa au kupatikana na hatia, hata kama ulisamehewa baadaye. Fomu ya Kanada huenda mbali zaidi: huuliza kama umewahi kutenda kosa, kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani katika nchi yoyote. Fomu ya Uingereza nayo hutaja hatia, makosa ya barabarani na mashtaka ambayo hayajaamuliwa. Fomu ya viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen haina swali la namna hiyo, ingawa maafisa wa nchi hizo wanaweza kumkataa mtu wanayemwona kuwa hatari kwa usalama. Soma swali lililo mbele yako, na ujibu hilo hilo. Usijibu swali uliloambiwa na jirani.

Sasa tuingie katika sheria zenyewe, kwa maana hofu nyingi zinatokana na kutozijua.

Marekani, kwa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1952 kama ilivyorekebishwa mara kadhaa, haiwazuii watu wote waliowahi kuhukumiwa. Huwatazama hasa waliotenda makosa yanayohesabiwa kuwa na uovu wa kimaadili, kama vile wizi, ulaghai, kughushi, au kumjeruhi mtu kwa kusudi la kumdhuru sana. Uzururaji, fujo za ulevi, ugomvi mdogo na kuuza bila leseni kwa kawaida havimo humo. Huyo mchuuzi wetu, basi, ajibu "Ndiyo", aeleze kwa ufupi, na kosa lake peke yake halitamzuia.

Aliye na kosa moja tu lenye uovu wa kimaadili, nafuu yake ipo pia, lakini ina masharti mawili: adhabu ya juu kabisa ambayo sheria ingeweza kutoa kwa kosa hilo isizidi kifungo cha mwaka 1, na kifungo alichopewa yeye mwenyewe kisizidi miezi 6. Hapa ndipo wengi wetu wanapojikwaa. Kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaweka kifungo kinachoweza kufika miaka 3 kwa wizi wa kawaida. Kwa hiyo mtu aliyeiba kuku, akatozwa faini ndogo, akaenda nyumbani siku ile ile, huenda asiingie katika nafuu hiyo, kwa sababu kinachopimwa ni kile ambacho sheria ingeweza kumfanyia, mbali na kile ilichomfanyia. Naona baadhi yenu mnatikisa vichwa. Mimi pia naona ni ajabu. Hata hivyo kwa mtu wa namna hiyo ipo njia ya ruhusa maalumu, ambapo afisa wa ubalozi humpendekeza, na serikali yao hupima uzito wa kosa, hatari iliyopo, na sababu ya safari. Huchukua muda mrefu, na haiwezekani kwa aliyedanganya kwamba hakuna kosa la kuombewa.

Aliyetenda kosa kabla hajatimiza miaka 18, na miaka zaidi ya 5 ikapita, huachwa pia, mradi kosa hilo liwe moja tu. Na sheria yetu wenyewe ilionyesha huruma kama hiyo, kwa kuwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza maneno ya hatia na adhabu yasitumiwe kwa mtoto aliyeshughulikiwa na Mahakama ya Watoto. Dawa za kulevya, pamoja na bangi, zina mlango wake mwembamba mno. Mwenye kesi ya aina hiyo, hata ya msokoto mmoja, asijaze fomu kabla ya kuonana na wakili anayejua mambo ya uhamiaji.

Uingereza ina kanuni zilizo wazi zaidi, zilizoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2020. Aliyefungwa miezi 12 au zaidi hukataliwa. Mgeni wa muda mfupi aliyefungwa chini ya miezi 12 hukataliwa pia, isipokuwa kama imepita zaidi ya miezi 12 tangu kifungo kumalizika. Aliyepewa adhabu isiyo ya kifungo, kama faini, hukataliwa kama haijapita miezi 12 tangu alipotiwa hatiani. Angalieni sasa: mama wa chang'aa wa mwaka 1996, aliyelipa faini, hazuiwi na kanuni hiyo hata kidogo, maana muda wake ulikwisha zamani. Akiandika "Ndiyo", atapimwa kama wenzake. Akiandika "Hapana" na ikajulikana kwamba amedanganya, viza itakataliwa, na maombi yake ya baadaye yanaweza kukataliwa kwa muda wa miaka 10. Anakimbia kivuli, anatumbukia kisimani.

Kanada nayo ina utaratibu wa kumhesabu mtu kuwa amekwisha kurekebika iwapo ana kosa moja lisilo zito na miaka 10 imepita tangu amalize adhabu yake. Na baada ya miaka 5 anaweza kuomba mwenyewe atambuliwe hivyo. Lakini kipimo chao ni sheria ya kwao. Kuendesha gari ukiwa umelewa, kosa ambalo kwetu watu hulichekea, kule ni kosa zito tangu tarehe 18 Desemba 2018, adhabu yake ilipopandishwa hadi kifungo cha miaka 10. Kwa Marekani, kosa hilo hilo likiwa la mara moja na halikumdhuru mtu, kwa kawaida halihesabiwi kuwa uovu wa kimaadili, ijapokuwa mwombaji aliyekamatwa karibuni aweza kupelekwa kwa daktari achunguzwe habari za ulevi. Msidhani, basi, kwamba aliyepita ubalozi mmoja atapita wote.

Juu ya uongo, Marekani ni kali kupita wote. Anayetoa habari za uongo kwa kusudi, juu ya jambo lenye uzito, ili apate viza, huzuiwa maisha yake yote, isipokuwa akipewa ruhusa maalumu. Kanada humzuia kwa miaka 5. Tena nchi tano, yaani Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand, hupeana habari za waombaji kwa njia ya alama za vidole. Aliyesema "Ndiyo" London na "Hapana" Washington amejishtaki mwenyewe.

Hapa sina budi kusema neno juu ya mawakala. Mnawafahamu. Wana ofisi ya chumba kimoja karibu na duka la kupiga picha, na ukutani pana ramani ya dunia. Mtu anamweleza wakala habari yake yote kwa uaminifu, naye wakala anacheka na kusema, "Mama, hiyo usiitaje, nani atajua?" Anabofya "Hapana", anachukua fedha zake, na jina lake halionekani popote. Fomu ya Marekani inauliza kama kuna mtu aliyekusaidia kuijaza; wakala anaandika kwamba hakuna. Huo tayari ni uongo wa pili. Anayetia sahihi ni mwombaji, na atakayezuiwa ni mwombaji. Kanuni za Uingereza zinaruhusu mtu akataliwe kwa sababu ya habari za uongo zilizomo katika maombi yake hata kama yeye mwenyewe hakujua kuwa zimo. Mwezi wa Juni 2023 ada ya viza ya mgeni ya Marekani ilipandishwa hadi dola 185, nayo hairudishwi mtu anapokataliwa. Katika jumuiya zetu fedha hizo hutoka kwenye mchango, kwenye mbuzi aliyeuzwa, kwenye mkopo wa chama. Kwa hiyo, kwa yeyote asiyeweza kusoma fomu yeye mwenyewe, jumuiya impatie mtu wa kumsomea kila swali kwa lugha anayoielewa, na asitie sahihi kabla ya kusomewa jibu lililoandikwa.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja alinivuta kando akaniuliza swali ambalo naona linawahusu wengi. "Mimi nilikwisha kuungama," alisema, "nikaondolewa dhambi, nikatimiza malipizi. Kwa nini niandike tena jambo ambalo Mungu mwenyewe amelisahau?" Ni swali la heshima, wala sikucheka. Nilimjibu kwamba fomu haiulizi habari za dhambi. Afisa wa ubalozi hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, na wala hataki kuyapata. Anauliza tukio lililoandikwa katika daftari la serikali, kama vile anavyouliza tarehe ya kuzaliwa. Aliyesamehewa ana uhuru wa kulitaja kosa lake bila kutetemeka. Kwa upande wa serikali hali ni hiyo hiyo: hata msamaha wa Rais, unaotolewa kwa Ibara ya 133 ya Katiba ya mwaka 2010, hauondoi wajibu wa kujibu "Ndiyo" pale fomu inapouliza kama umewahi kutiwa hatiani hata kama ulisamehewa.

Tena nisiwafiche jambo hili. Wengi wanaokataliwa viza za muda mfupi za Marekani hawakataliwi kwa sababu ya makosa. Hukataliwa kwa kifungu cha 214(b), maana yake afisa hakuridhika kwamba mwombaji atarudi nyumbani. Mtu akinyimwa, hukimbilia kusema, "Nilijua tu, ni ile kesi yangu ya zamani," na safari ya pili anaificha. Hapo ndipo anapoharibu. Karatasi anayopewa dirishani hutaja kifungu. Aisome, au asomewe, kabla ya kulaumu ukweli wake. Aliyekataliwa kwa kifungu hicho anaweza kuomba tena hali yake ikibadilika.

Sasa habari ya karatasi, ambayo naomba wajumbe waiandike. Anayetaka kujua rekodi yake ikoje aombe cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Maombi hupitia eCitizen, na alama za vidole huchukuliwa makao makuu ya idara hiyo, Barabara ya Kiambu jijini Nairobi, au katika vituo vya Huduma. Viza ya matembezi kwa kawaida haidai cheti hiki. Hudaiwa zaidi na wanaokwenda kuishi au kufanya kazi, wakiwamo dada zetu wanaokwenda kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Lakini ni vyema mtu ajue kilichoandikwa juu yake kabla ya kuulizwa. Cheti kikionyesha ni safi, na wewe unajua kwamba ulihukumiwa, cheti hakibadilishi jibu lako. Wakati mwingine vidole havikuchukuliwa siku ile, au karatasi haikufika makao makuu.

Kisha aende mahakama iliyomhukumu, amwone karani wa masijala, aombe nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka na hukumu. Aende na namba ya kesi kama anaikumbuka. Kama haikumbuki, aende na mwaka na mwezi, kwa maana majina hupatikana kwa kufuata tarehe. Risiti ya faini, kama bado ipo ndani ya sanduku la nguo, ni dhahabu. Aliyepewa kazi ya huduma kwa jamii, chini ya sheria ya mwaka 1998, aombe barua ya afisa wa huduma hiyo kuonyesha kwamba aliimaliza. Majalada ya zamani sana huenda yameteketezwa, kwa maana sheria ya nchi inaruhusu hivyo baada ya muda. Ikiwa ndivyo, aombe barua ya masijala inayosema kwamba jalada lilitafutwa halikupatikana, kisha aende kwa kamishna wa viapo aandike kiapo chake: alishtakiwa nini, mahakama gani, mwaka gani, alijibu nini, aliadhibiwaje, na kwamba alimaliza adhabu yake.

Maelezo yenyewe ndani ya fomu yawe mafupi. Sentensi tatu zinatosha. Kwa mfano: "Mwaka 1996 nilitiwa hatiani na mahakama ya hakimu kwa kupatikana na chang'aa. Nililipa faini siku ile ile. Sijawahi kushtakiwa tena." Asilie ndani ya fomu, asimlaumu askari, wala asiandike historia ya umaskini wake. Akiulizwa dirishani, hapo aeleze, na maneno ya mdomo yafanane na yaliyoandikwa.

Kwa wale ambao kesi zao ni za wizi, kujeruhi, dawa za kulevya, au ni zaidi ya moja, nimemwomba Padre Paroko turuhusiwe kutumia ukumbi huu Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya Misa ya asubuhi, ili tuyapitie makaratasi yao mmoja mmoja, faraghani. Waje na nakala za mahakama. Asiye nazo bado, aanzie masijala.